Koti la mvua linavuja? Tafuta kwanza maji yalikoingilia

Wengi wanaosema "koti langu linavuja" wana koti zima kabisa. Wamelowa, hilo halina ubishi, lakini maji hayakupita kwenye kitambaa. Yamepanda na mkono wa shati, yameteremka shingoni, yamepenya kwenye zipu, au ni jasho lao wenyewe. Mtu analitupa koti, ananunua jingine la bei kubwa, na mvua ya kwanza inamlowesha palepale alipolowa zamani.

Kabla ya kutafuta tiba, kumbuka ni mvua gani unayopambana nayo. Huku Mwanza tuna vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba na masika kuanzia Machi hadi Mei, na Ziwa Victoria lina ratiba yake juu ya hiyo. Usiku hewa inayotoka nchi kavu pande zote hukutana juu ya maji yenye joto, mawingu yanapanda, na dhoruba nyingi hupiga kuanzia usiku wa manane hadi alfajiri. Hizo ndizo saa ambazo mitumbwi ya dagaa iko kazini. Mvua ya ziwani haianguki wima, inakuja na upepo, inakupiga ubavuni na usoni. Na kwa sababu tuko mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari, usiku wenye mvua una baridi ambayo mgeni kutoka Dar es Salaam hakuitarajia. Ukivuka kwenda Bukoba, ujue huko mvua ya mwaka ni karibu maradufu ya hii ya Mwanza, ambayo ni milimita 1,000 hivi.

Sasa vua koti ujipapase. Usipige hesabu kichwani, shika nguo ya ndani kwa mkono. Sehemu iliyolowa ndiyo itakayokuambia tatizo ni lipi.

Mgongo na kwapa vimelowa, nje hakuna tundu

Hili ndilo lalamiko la kwanza kwa wingi, na mara nyingi koti halina kosa. Mwili unaofanya kazi ngumu kwenye joto unaweza kutoa jasho la lita moja kwa saa. Vaa koti la PVC, yaani la plastiki nzito isiyopitisha hewa, panda vilima vya mawe vya Bwiru na mzigo mgongoni, na ukifika juu utaapa kwamba mvua imepita ndani.

Kuthibitisha ni rahisi. Koti likiwa kavu, tandaza gazeti kwenye beseni, weka sehemu ya mgongo juu yake, ibonyeze katikati ishike maji, kisha mimina vikombe viwili. Subiri dakika kumi. Gazeti likibaki kavu, kitambaa ni kizima na unachopambana nacho ni jasho. Likilowa, ruka hadi kwenye sehemu ya mishono au ile ya koti linalonata hapo chini.

Ukishajua ni jasho, muuzaji atakuletea koti "linalopumua". Teknolojia hiyo ni ya kweli. Mwaka 1969 huko Marekani Bob Gore aligundua kwamba teflon, plastiki ile ya vikaango visivyoshika chakula, ikivutwa kwa ghafla hutanuka na kuwa na vitundu vidogo mno, tone la maji haliwezi kupita ila mvuke wa jasho unapita. Ndiyo asili ya Gore-Tex na utando mwingine mwingi ulioufuata. Lakini mvuke hautoki eti kwa sababu tundu lipo. Unatoka pale ndani ya koti kunapokuwa na joto na unyevu mwingi kuliko nje. Kwenye milima ya Ulaya, nje nyuzi 5 na ndani nyuzi 30, tofauti ni kubwa na koti linafanya kazi yake. Kwenye ufukwe wa Igombe, nje nyuzi 23 na hewa imeshiba maji, tofauti ni ndogo na mvuke hauna haraka ya kwenda popote. Utando wa bei kubwa unakusaidia kidogo kuliko ulivyoahidiwa.

Kinachosaidia zaidi huku ni hewa. Tafuta koti lenye zipu chini ya kwapa, au lenye matundu mgongoni yaliyofunikwa na kipande cha juu. Lichukue pana kidogo. Ukiona mwinuko mbele na mvua ni manyunyu tu, livue, panda bila koti, kisha ulivae ukifika kileleni kabla hujapoa. Ndani usivae pamba. Fulana ya pamba ikishika jasho haikauki na inakunyonya joto usiku kucha. Vaa jezi ya mpira. Ya Simba au ya Yanga, kwenye hili hazina upinzani, zote ni poliesta na zinakauka ukiwa umezivaa.

Mvuvi wa dagaa anayevuta nyavu usiku, kwa maoni yangu, asihangaike kabisa na koti linalopumua. Achukue PVC nzito, akubali jasho, na chini yake avae jezi na sweta jepesi la mitumba la manyoya ya poliesta. Kulowa kwa jasho huku una joto kunavumilika. Kulowa huku upepo unakupiga ndiko kunakomfanya mtu atetemeke hadi vidole vishindwe kufungua fundo.

Mikono imelowa mpaka kwenye kiwiko

Angalia shati lako. Kama mkono wake unachungulia nje ya mkono wa koti hata kwa upana wa kidole, umeshapata mwizi. Kitambaa kilicholowa mwishoni hunyonya maji na kuyapandisha, kama utambi wa koroboi unavyopandisha mafuta, na koti la juu haliwezi kuzuia kitu kilichoko chini yake. Kunja mikono ya shati hadi juu ya kiwiko kabla ya kuvaa koti. Tatizo hili linaishia hapo bila senti.

Kisa kingine ni mikono iliyoinuliwa. Anayeshika usukani wa injini, anayevuta kamba, bodaboda aliyenyoosha mikono kwenye usukani, mwindaji aliyeinua bunduki au mtazamaji wa ndege mwenye darubini: maji yanateremka kutoka kiganjani yanaingia ndani. Koti zuri la kazi lina mkono wa pili ndani, mfupi, wenye lastiki inayobana kifundo. Kama lako halina, kata pete mbili kutoka kwenye tyubu ya baiskeli, upana wa vidole viwili, uvae juu ya mkono wa koti. Zibane kiasi cha kuzuia maji tu. Mkono ukianza kufa ganzi, umezidisha.

Makalio na magoti vimelowa, kwingine pakavu

Hapa ndipo namba za kwenye lebo zinapopata maana. Ukiona 5,000 mm, maana yake kitambaa kilihimili nguzo ya maji yenye urefu wa mita 5 kabla hakijaanza kupitisha matone. Mvua peke yake haifikishi mgandamizo mkubwa hivyo. Wewe unaufikisha. Mtu mzima akikaa kwenye ubao wa mtumbwi uliolowa, au akipiga goti kwenye tope akisubiri kanga watoke kichakani, uzito wake wote unasukuma maji kwenye eneo dogo la kitambaa. Suruali nyepesi ya 3,000 mm inayotosha kabisa kwa kutembea mjini inasalimu amri pale.

Kwa anayekaa na kupiga magoti, tafuta 10,000 mm na kuendelea, au nenda moja kwa moja kwenye PVC. Ile suruali ya mikanda ya begani inayopanda hadi kifuani ndiyo ninayoipendekeza kwa kila mtu wa mtumbwini, kwa sababu mshono wa kiunoni haupo na ukiinama mgongo haubaki wazi. Na kama fedha hazikutoshi, kalia kitu: kipande cha godoro la sponji kilichofungwa kwenye mfuko wa nailoni kinafanya maajabu.

Lebo nyingi zina namba ya pili, ya gramu. Hiyo ni kiasi cha mvuke kinachopita kwenye mita moja ya mraba kwa saa 24. Nimeshasema ninavyoithamini huku kwetu.

Zamani maji yaliteleza, sasa koti linayanywa

Koti jipya la nailoni linamwagikiwa na maji, maji yanakuwa vitone na kukimbia. Baada ya msimu mmoja au miwili kitambaa cha juu kinalowa, kinakuwa kizito na cha baridi, na mwenyewe anasema limekwisha. Bado. Kilichochoka ni dawa iliyopakwa juu ya kitambaa ili maji yateleze. Safu ya ndani inayozuia maji huenda ni nzima, ila kitambaa cha juu kikishashiba maji mvuke haupiti tena, na unarudi kwenye tatizo la jasho.

Chanzo kikubwa ni uchafu na sabuni. Mafuta ya samaki, jasho, vumbi, na zaidi ya yote sabuni ya unga isiyosuuzwa vizuri: mabaki yake yanavuta maji badala ya kuyafukuza. Dawa ya kulainisha nguo ni mbaya zaidi, usiikaribishe kabisa. Fua kwa mkono, maji ya uvuguvugu, sabuni ya mche kidogo, usisugue kwa brashi, usikamue kwa kusokota. Suuza hadi povu liishe, kisha suuza tena.

Likikauka, mwagia maji ujaribu. Mara nyingi usafi peke yake umerudisha nusu ya kazi. Nusu nyingine inataka joto la wastani, kwa sababu joto huiamsha ile dawa. Kama lebo inaruhusu, piga pasi ya umeme kwenye joto la chini bila mvuke, ukiwa umelifunika koti kwa kitambaa cha pamba. Pasi ya mkaa hapana. Huwezi kuidhibiti, na nailoni ikiyeyuka hairudi. Kama huna pasi ya umeme, drayer ya saluni ikishikwa kwa umbali wa shibiri inatosha, na dada wa saluni hatakukatalia kama huna haraka. Maji yasipoteleza hata baada ya hapo, unahitaji dawa ya kupulizia. Haya yote ni kwa nailoni na poliesta. PVC haihusiki, ifute kwa kitambaa chenye maji na sabuni basi.

Linanata, linabanduka, linanuka

Ukigusa ndani panashika vidole. Ukisugua panatoka magamba meupe au utando mwembamba. Harufu ni kali, ya uchachu, karibu na matapishi. Hiyo ni safu ya poliurethani, plastiki laini iliyopakwa ndani kuzuia maji, inayooza. Unyevu na joto huvunjavunja kemikali yake polepole hata kama koti halijavaliwa, na koti lililokunjwa miaka mingi mahali penye joto hufa likiwa linaonekana jipya kwa nje. Hakuna gluu wala dawa itakayolifufua. Livue zipu na vishikizo, vitakufaa, lililobaki litandike chini ya gunia.

Ugonjwa huu ndio hatari kuu ya mitumba. Makoti ya maana kutoka Ulaya na Marekani yanapatikana pale sokoni Mlango Mmoja, na baadhi ni mali safi kweli, lakini mengine yaliachwa na wenyewe kwa sababu hii hii. Usiliangalie nje. Ligeuze ndani, sugua kwa kidole gumba chini ya kwapa na kwenye kola, kisha unuse.

Ili lako lisifike huko mapema, usilikunje likiwa limelowa kwenye sanduku la mtumbwi, na usilianike juu ya bati. Bati la saa saba mchana linaunguza hata mguu. Lianike kivulini penye upepo, likiwa limegeuzwa, halafu litundike. PVC nayo ina adui wake: petroli. Koti linalolala karibu na dumu la petroli ya injini hukakamaa na kupasuka kwenye mikunjo, kwa sababu petroli hunyonya kile kinachoifanya plastiki iwe laini.

Mabega na mishono

Kila tundu la sindano ni tundu. Ndiyo maana koti linalofaa lina utepe uliobandikwa ndani juu ya kila mshono. Ukiukuta umeinuka, au hakuna kabisa, maji yatapita hapo hata kama kitambaa ni cha 20,000 mm. Mabegani ndipo huanza, kwa sababu mikanda ya begi inasugua na kugandamiza palepale.

Kwa nailoni, safisha mshono kwa spiriti, uache ukauke, upake upande wa ndani gluu laini ya poliurethani wanayotumia mafundi viatu, safu nyembamba, usiku mzima bila kuguswa. Supagluu inakauka ikawa ngumu na kupasuka ukikunja mkono mara ya kwanza. Silikoni ya madirisha haishiki vizuri kwenye safu ya poliurethani, inabanduka kama ngozi. Koti la PVC lipeleke kwa fundi anayeunga maturubai ya malori. Ana gluu yake ya PVC na anajua kuunga kwa joto. Solusheni ya kuziba tyubu ni ya mpira, kwenye PVC itakudanganya siku mbili. Hiyo inahusu gambuti pia: za mpira halisi zinazibika kwa solusheni na kiraka cha tyubu, za PVC hazitaki. Ukitaka kujua gambuti linavujia wapi, lijaze maji, lifute nje, litundike, uangalie tone linatokea upande gani.

Na kifua kikilowa kwa mstari mmoja wa wima, ni zipu. Inataka kipande cha kuifunika kinachofungwa kwa vishikizo au velkro. Bodaboda asinunue koti lisilo na kipande hicho, liwe zuri namna gani.

Shingoni

Kofia ya koti isiyogeuka na kichwa ni mfereji. Vuta kamba zake za pembeni na ya kisogoni, vaa kepi ndani yake ili ukingo ushikilie mbele, maji yadondokee mbali na uso. Kama haina kamba ya kisogoni, fundi cherehani anaiweka kwa dakika chache, ila mwambie apake gluu kwenye mshono mpya.

Wanyama wanakusikia kabla hujawaona

Hili si la kuvuja lakini wawindaji na watazamaji wa ndege wanalilalamikia. PVC na nailoni ngumu zinachakarika kila unapoinua mkono, na kanga ana masikio. Unapochagua, kunja mkono wa koti karibu na sikio lako. Linalofaa porini lina uso wa kitambaa laini, poliesta yenye vinyweleo. Litakuwa zito na litachelewa kukauka, huna la kufanya. Wengine huvaa sweta la manyoya juu ya koti jembamba la mvua. Linalowa, lakini linanyamazisha.

Rangi ina mambo mawili. Kwanza, mabaka. Makoti mengi ya kuwindia yanayoingia kwenye mitumba yana mabaka ya kijeshi, na hapa Tanzania sheria inamkataza raia kuvaa sare za jeshi au mavazi yanayofanana nazo. Agosti 2023 JWTZ lilitoa siku saba watu wayasalimishe. Koti likiwa zuri na la bei chee namna gani, liache hapohapo kwenye rundo. Kijani cha jani au kahawia tupu kinakuficha vya kutosha. Pili, mbung'o. Ukielekea mapori yao, kwa mfano kupitia geti la Ndabaka kuingia Serengeti, epuka bluu na nyeusi, maana mitego ya mbung'o hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo kwa vile vinawavuta. Uwindaji wenyewe, nadhani unajua, ni wa kibali kutoka TAWA, mamlaka ya wanyamapori, na ndani ya hifadhi ya taifa haupo kabisa.

Jaketi okozi linabana

Kama jaketi okozi halifungiki, kosa ni kulivaa chini ya koti au kununua koti kubwa mno. Jaketi okozi ni la juu, siku zote, ili likuinue bila kukunyonga na mtu aweze kulikamata. Gambuti za mtumbwini ziwe kubwa namba moja, uweze kuzipiga teke zikavuka majini. Ukiwa kavu namna gani ndani ya PVC, radi haikuoni tofauti na aliyelowa: TMA, mamlaka ya hali ya hewa, wakitoa tahadhari ya upepo mkali na mawimbi, koti halibadilishi chochote.

Dukani

Lebo inasoma "waterproof", muuzaji anaapa: "Kaka, hii haiingizi hata tone."

"Basi tulitilie maji, mzee wangu."

Asipokubali, umeshapata jibu. Akikubali, tumia chupa yako ya maji ya kunywa: bana mwisho wa mkono wa koti, mimina robo lita ndani, uinue, uangalie mshono wa kwapa kwa dakika mbili. Kisha vaa, ukiwa na sweta ulilokuja nalo. Inua mikono yote miwili juu. Tumbo likibaki wazi, ni dogo. Chuchumaa, suruali ikipanda juu ya gambuti, ni fupi, na mguu wake unatakiwa ukae nje ya gambuti, usichomekwe ndani. Fungua na kufunga zipu mara kadhaa kwa mkono mmoja. Kama fedha zinatosha kitu kimoja tu kizuri, nunua suruali nzuri na koti la kawaida, kwa kuwa koti utalivua jua likitoka, na suruali ndiyo utakayoikalia kutwa nzima.